Kumtua Guyo

Mumina alikuwa na mkono mwepesi, na mkono huo ndio uliomponza. Ofisi ya Garsen ilikuwa na makarani watano kwenye mradi wa rejista ya kaya. Wenzake wakihangaika kumaliza kaya ishirini kwa siku, yeye alimaliza arubaini na akabakiwa na muda wa kuwacheka. Hakuwa na subira na mzee anayejikuna kichwa, wala na mama anayehesabu watoto kwa vidole. Ukimwambia "ngoja kwanza nikumbuke", alikuwa keshakuandikia.

Lakini tumsimamie kidogo kabla hatujamlaumu. Rejista ile ilipotangazwa, watu wa Tana walifurahi kweli kweli. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakiandikwa na wageni wanaoshuka kwenye gari, wanauliza mbiombio, wanakosea majina, kisha wanaondoka na makosa yao. Sasa kaunti ni yetu, watu wakasema, tutajiandika wenyewe kwa mikono ya watoto wetu. Wakulima wa Ngao walisema hivyo, wafugaji wakasema, na wenye maduka pale njia panda wakasema. Mumina binti Boru alikuwa mmoja wa watoto hao, na kazi aliibeba kifua mbele.

Kabla hawajaanza walipewa semina ya siku mbili, na mmoja wa wasemaji alikuwa mgeni mwenye ndevu nyekundu aitwaye Rhys. Ukimwita Mwingereza ananuna. Yeye ni mtu wa Wales, alisema, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, yenye lugha yake na ambayo siku hizi ina bunge lake. Aliletwa aeleze jinsi watu wachache wanavyoweza kujitawala bila kumezwa na walio wengi, lakini alipoiona fomu akaisahau hotuba. Akaweka kidole kwenye kisanduku kilichoandikwa Jina la Ukoo.

"Hiki mmekitoa wapi?" akauliza. "Kwetu tulikuwa kama nyinyi. Mtu ni Rhys mwana wa Hywel mwana wa Ifan, na mtoto akizaliwa majina yanasogea. Makarani wa Kiingereza wakachoka kuyaandika. Wakataka kila mtu achague jina moja, likae palepale milele. Basi Ifan, mkulima aliyekufa zamani za kale, akaandikwa Evans na hajapumzika mpaka leo. Mimi ni Evans, mke wangu ni Evans, na nikimpeleka mbwa wangu kwa daktari wa mifugo, wanatoka mlangoni wanaita: Evans."

Semina nzima ilicheka, na Mumina alicheka kuliko wote. Rhys naye alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Sasa, Waorma kama kina Mumina jina la ukoo la namna ile hawana. Una jina lako, la baba yako na la babu yako, basi, umefika. Ukizaa, majina yanasogea hatua moja, na lililokuwa nyuma kabisa linadondoka. Na katika ukoo wa kina Boru kulikuwa na jambo zaidi. Siku kitukuu wa kwanza anapozaliwa, yule babu wa juu hutuliwa. Mwanawe mkubwa anatoka nje na kibuyu cha maziwa, anamwaga kidogo chini, anamwita marehemu kwa jina lake, halafu anasema: "Tumekubeba, sasa tunakutua. Lala." Tangu hapo kutajwa atatajwa, kuombewa ataombewa, lakini kuitwa haitwi tena. Jina lake haliwekwi nyuma ya jina la mtoto yeyote.

Mumina aliyajua haya yote. Siku Ikran, binti wa kaka yake Dukicha, alipozaliwa, yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia baba yao kile kibuyu akimtua Guyo. Ndiyo maana kosa lake halina pa kulificha.

Alifika nyumbani kwao mwezi wa nne, saa sita mchana, akiwa na kaya kumi na moja nyingine za kuandika kabla ya magharibi. Baba yake, mzee Boru, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na miguu imevimba, hata msikitini alikuwa anapelekwa kwa bodaboda. Dukicha alikuwapo, na mkewe Darmi, na Ikran mwenye miaka saba, akichezea kamba ya ndama. Mumina aliandika wote, akafika kwenye kile kisanduku. Tableti ikakataa kusonga mbele mpaka kijazwe, tena ilitaka nyumba moja jina moja. Akabonyeza herufi nne.

"Umeandika nini hapo?" mzee akauliza.

"Guyo, Baba."

"Kwa wote?"

"Mashine inataka hivyo."

"Mimi ni mwana wa Guyo, sawa. Wewe na Dukicha ni wajukuu, sawa. Mtoto huyu je? Guyo tulimtua."

"Baba, hii ni kompyuta. Haiamshi mtu."

Mumina akafunga tableti yake, akambusu Ikran kwenye paji la uso, akapanda pikipiki. Wala hakugeuka nyuma.

Wiki tatu baadaye kadi zikatoka, na shule ikapewa orodha mpya. Kila asubuhi mwalimu akasimama mbele ya darasa na kuita: Ikran Guyo. Zahanati nayo ikaita Ikran Guyo. Hata ujumbe wa msaada wa chakula uliokuja kwenye simu ya Dukicha ulianza kwa jina hilo. Mtu aliyelazwa salama miaka saba sasa akawa anaitwa mara nne, mara tano kwa siku.

Darmi ndiye aliyegundua kwanza. Mchana mmoja walikuwa wanapepeta mchele, kimya, hakuna hata mbuzi anayelia, mara Ikran akainua kichwa na kuitika: "Abee." Darmi akamuuliza anamwitikia nani. Mtoto akasema, "Yule babu." Darmi akatazama upande ule. Kulikuwa na mbuga, jua, na vichaka vya miiba vya mathenge. Akadhani ni michezo ya watoto.

Siku ya pili ng'ombe waliokuwa wamelala kivulini walisimama wote kwa pamoja, wakaelekeza vichwa upande uleule wa mathenge, na hawakucheua. Walisimama hivyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Siku ya tatu Ikran alichukua bakuli la maziwa, akatoka nalo mpaka ukingoni mwa boma, akalirudisha likiwa tupu. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Dukicha akampigia dada yake simu. Mumina alikuja Jumamosi akiwa amejaa hasira, maana aliona wanamsingizia. Akamkalisha mtoto mapajani.

"Haya niambie, huyo babu anataka nini?"

"Amekasirika, shangazi. Anauliza mbona tunamwita kila siku na akifika hatumwambii shida yetu. Anasema ametembea sana. Kila akitaka kulala anaitwa tena."

"Amevaa nini?"

"Shuka. Na kiatu kimoja cha tairi. Kingine hana."

Mzee Boru, pale kwenye mkeka, akafunika uso wake kwa viganja. Guyo alikufa mwaka wa ukame akitafuta ng'ombe waliopotea. Walipompata alikuwa na kiatu kimoja mguuni, na kwa aibu ya kifo kile, jambo hilo halikuwahi kusimuliwa mbele ya watoto. Hata Mumina alikuwa hajui. Aliona tu baba yake akilia.

Imamu aliitwa, akasoma, mtoto akalala vizuri usiku mzima. Jumatatu mwalimu akaita orodha. Wakamzuia asiende shule, mwalimu akaliita jina lake hivyohivyo na darasa likajibu hayupo. Dukicha alikwenda kumsihi. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, akasema jina liko kwenye rejista, na yeye rejista hajaitengeneza.

Alhamisi ile Ikran akapotea. Walimtafuta kuanzia saa tano mpaka saa tisa, na aliyemwona ni Dukicha mwenyewe, mbali, kupita vichaka vya mathenge, mahali ambapo hata ng'ombe hawaendi siku hizi. Alikuwa anatembea polepole, nyayo zinatoka damu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka ubavuni, namna mtoto anavyotembea akishikwa mkono na mtu mzima. Baba yake alipombeba, mkono ule haukushuka. Ulibaki juu mpaka walipofika nyumbani, na kiganja kilikuwa na vumbi jeupe. Udongo wa kwao ni mweusi.

"Amechoka," Ikran alisema alipopata kauli. "Amesahau njia. Ananiambia nimshike mkono nimrudishe kwake, nikimfikisha nitalala na mimi."

Darmi alimkumbatia mwanawe, akamtazama wifi yake aliyekuwa ameletwa mbio na pikipiki kutoka Garsen. Hakupindisha maneno.

"Mumina, mtoto wangu anakwenda. Wewe ndiye uliyeandika. Toa."

Jamani, hapo ndipo Mumina alipojua mkono mwepesi unaweza kuwa mzito. Kesho yake alfajiri alikuwa ofisini, yeye na Chande, Mpokomo mmoja mtaratibu aliyekuwa fundi wa mitambo yao. Walijaribu kulifuta lile jina, mashine ikakataa. Walijaribu kumwandika Ikran katika kaya nyingine, ikakataa, kaya yake ipo. Walipiga simu kwa watengenezaji Nairobi, wakajibiwa na msichana mwenye sauti tamu kwamba jina la ukoo halibadilishwi, ndiyo maana likaitwa la ukoo.

"Hakuna njia kabisa?" Mumina aliuliza.

"Mtu hutolewa kwa njia moja tu, madam. Kuna sehemu ya waliofariki."

Mumina alikata simu. "Siwezi," alimwambia Chande. "Siwezi kuandika hivyo, ni mtoto wetu." Akatoka nje, akazunguka ofisi mara mbili, akarudi. Simu ikalia. Alikuwa Darmi, na sauti yake ilikuwa imekatika vipande. Walikuwa wamemfunga Ikran kiunoni kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amelala chali, macho wazi, na miguu yake ilikuwa inatembea.

Mumina akakaa. Akafungua ile sehemu. Mashine ikamuuliza tarehe, akaandika ya siku ile. Ikauliza sababu, akaandika ugonjwa. Ikauliza shahidi, akaandika Mumina Boru Guyo, na machozi yakaanguka kwenye kioo mpaka kikawa kinajibonyeza chenyewe. Chande akampangusia kioo kwa mkono wa shati.

"Hatapata tena msaada, hatapata shule," Chande alisema taratibu. "Kwa kaunti hii mtoto hayupo."

"Tutamwandika upya siku nyingine. Sasa abaki hai."

Akabonyeza. Haikuchukua hata dakika, Darmi akapiga tena. Miguu ilikuwa imetulia. Ikran alikuwa amekaa anaomba uji.

Ungedhani yameisha hapo. Mumina naye alidhani, akaenda kwao jioni ile na mkate na sukari, akamkuta mtoto anacheka. Lakini alipoketi tu, Ikran akamnong'oneza.

"Bado yuko pale, shangazi. Hanijui tena. Ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

Ng'ombe walikuwa wamesimama. Mzee Boru alisikia, akagonga fimbo chini.

"Jina limetoka kwa mtoto, lakini aliyeamshwa ameshaamshwa," alisema. "Hawezi kurudi peke yake. Atakaa hapo ukingoni akiuliza kila mtoto anayepita, na watoto ni wengi. Mwenye kumwita ndiye humrudisha. Nipeni fimbo yangu ya pili, ni baba yangu, nitakwenda mimi."

Alijaribu kusimama. Dukicha alimdaka kabla hajaanguka.

"Wewe hukumwita, Baba," Mumina alisema. "Wewe ulimtua vizuri. Vidole vilikuwa vyangu."

Dukicha akasema atakwenda yeye. Mumina akamwambia ana mtoto, akae amlee. Walibishana mpaka isha, kwa maneno makali, namna ndugu wanaopendana wanavyobishana, na Mumina hakushindwa maana hakuwahi kushindwa ubishi maishani mwake. Alikuwa na hofu, lakini alijikaza kisabuni.

Mzee alimpa sharti moja tu. Kutoka atakapoondoka mpaka atakaporudi, mtu yeyote asimwite. Akiitwa atageuka, na akigeuka, yule naye atageuka, atarudi pamoja naye mpaka mlangoni. Mumina akawaapisha mmoja mmoja, Dukicha, Darmi, hata Ikran. "Hata mkisikia nini," aliwaambia. "Hata mkinikosa. Msiniite."

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, alitoka. Alizima simu akaiacha juu ya kitanda. Alipopita ukingo wa boma hakuona kitu, akapunguza hatua, akaona aibu kidogo kwa kuzungumza na hewa.

"Guyo," akaita. "Ni mimi niliyekuwa nakuita."

Basi akamwona. Hakuwa wa kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu, ana pua ya Dukicha, na kifua kinapanda na kushuka kwa uchovu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha tairi. Vumbi jeupe lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Shida yenu ni nini?" aliuliza.

"Hatuna shida, babu. Nilikosea. Nisamehe."

"Mmeniita kutoka kule kote," Guyo alisema, "na hamna shida." Akanyoosha mkono.

Mumina akaushika. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Wakapita vichaka vya mathenge, wakapita mahali Dukicha alipomkuta mtoto, na baada ya hapo udongo ukaanza kuwa mweupe. Mumina alizaliwa kwenye mbuga ile, alikuwa akiijua kama jikoni kwao, lakini pale alikuwa hajawahi kufika. Jua lilikuwa palepale utosini. Hapakuwa na ndege wala inzi.

Njiani yule mzee alianza kutaja majina. Alisema mimi ni Guyo mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, polepole, akipumzika baada ya kila moja. Mengine Mumina hakuwahi kuyasikia. Alikuwa ameandika majina ya watu elfu kadhaa mwaka ule, na ya kwao hakuyajua zaidi ya manne. Hasira zake zote zikamwisha. Akamwomba arudie, naye akarudia, na kwa mara ya kwanza maishani Mumina hakumharakisha mtu.

Kwa mbele akawaona. Walikuwa wamekaa chini kwa mstari, wazee wamejifunika shuka, mmoja nyuma ya mwingine, mstari mrefu ambao mwisho wake hakuuona. Hawakuzungumza. Guyo alipokaribia, yule wa kwanza aliinua uso, akamtazama, akamgusa mwenzake wa nyuma, naye akamgusa wa nyuma yake. Wakaanza kusogea kumpa nafasi.

Mumina alimsaidia Guyo kuketi. Akamvua kile kiatu kimoja, akakung'uta vumbi, akakiweka kando yake. "Tumekubeba," akasema, "sasa tunakutua. Lala." Guyo akafumba macho. Mkono wake ukalegea, lakini haukuachia.

Wale wengine walikuwa bado wanasogea. Walisogea mpaka wakatosheka, wakatulia, wakamtazama Mumina. Nafasi waliyoiacha ilikuwa ya watu wawili.

Akajaribu kuvuta mkono wake. Miguu ilikuwa inauma, na usingizi ulimjia mzito, mtamu, wa mtu aliyetembea tangu asubuhi. Alijua mtu mmoja tu akitamka jina lake sasa hivi, angeweza kugeuka. Guyo ameshalala, hatageuka naye. Alitega sikio upande wa nyumbani. Ikran anaweza kusahau, alifikiri, ni mtoto. Darmi anaweza kuingiwa na wasiwasi. Dukicha hawezi kuvumilia, namjua.

Alisikiliza sana. Lakini kina Boru ni watu wa kushika neno, na yeye ndiye aliyewaapisha. Hakuna aliyemwita.